Anamwita Mume Wangu Jina Nisilolijua

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimesimama, pasi iko moto mbele yangu na mashati ya watu yananisubiri, lakini nisipoyatoa haya leo nitaunguza nguo ya mtu, kwa hiyo nakuomba unisaidie, tena unijibu kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwa sababu siku hiyo mjomba wangu anakuja kula kwetu na mimi nina neno mdomoni ambalo sijui nilimeze au nilitapike.

Mimi ni dobi. Nina chumba changu cha kufulia na kupiga pasi jirani na kituo cha mabasi, na mume wangu ni seremala kwenye karakana ya samani ya huyo mjomba, kaka yake mama yangu, tena ni mimi niliyemwombea kazi pale. Huu ni mwaka wa tisa tangu tuoane, tuna watoto wawili, na miaka yote hii nimekuwa nikijiona nimepata mume ambaye wenzangu wanamtafuta kwa tochi, maana hanywi, hapandishi sauti, akiingia nyumba ya watu hakai mpaka aambiwe akae, hagusi kitu kisicho chake, na hata tukiwa wawili tu chumbani, akitaka kwenda msalani lazima aniage, anasema, "Natoka kidogo." Mama yangu amemsifu mkwe wake kwa adabu hizo mpaka wake za kaka zangu wamechoka kusikia.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanichekesha, nacho ni blanketi. Mimi ndiye dobi, watu wananilipa niwakunjie nguo zao, lakini mume wangu hataki nimkunjie blanketi lake. Analikunja mwenyewe kila asubuhi, tatu kwa urefu, kisha kati kwa kati, kisha tena, na upande ulio wazi anauelekeza mlangoni. Nikilikunja mimi atakuja alikunjue arudie, bila kusema neno, nikasema basi, kila mtu na kichaa chake, mradi hakijamdhuru mtu.

Sasa mwaka huu mjomba akamwajiri fundi wa makochi, mwanamke, amempita mume wangu umri kidogo, hana mume, hana mtoto, na sura yake ya kawaida tu, nasema ukweli ingawa ukweli wenyewe unaniuma, kwa sababu angekuwa mrembo ningejua naibiwa na nini. Mume wangu huyu ambaye nikitaka habari za kazini nilikuwa namvuta maneno kama nang'oa jino, ghafla akawa na hadithi, yule dada kafanya hivi, yule dada kasema vile, yule dada ana mkono mzuri wa sindano. Nikavumilia wiki ya kwanza na ya pili. Wiki ya tatu nikapika, nikavaa gauni langu la kutokea, nikajipaka na manukato, nikampelekea mume wangu chakula cha mchana kazini, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu aanze kazi pale.

Shangazi, niliwakuta wamekaa kwenye benchi moja, katikati ya mabaki ya sponji na vitambaa, wanakula na hawazungumzi. Ningewakuta wanacheka ningejua la kufanya, lakini wamekaa kimya wanakula, kimya kile cha watu wasio na haja ya kuambiana kitu, na kila mmoja kaizungushia sahani yake mkono wa kushoto kama kuna mtu atakuja kuinyakua. Mume wangu hula hivyo nyumbani, nikawa namtania kwamba ana choyo, na huyu naye anakula vile vile. Kisha yule mwanamke, bila hata kuniona, akasema, "Njiti, nipe maji." Na mume wangu, baba wa watoto wangu, mtu mwenye kitambi, akampa maji. Sikujua kama aliwahi kuitwa Njiti. Bibi yake aliyemlea hakuniambia, ndugu zake hawakuniambia, yeye mwenyewe hakuniambia, na sasa jina hilo liko kinywani mwa fundi wa makochi.

Yule mwanamke aliponiona aliinuka akanisalimia kwa heshima zote, akaniita wifi, nikaitikia kwa sababu tu mjomba alikuwa anatazama. Baadaye kidogo akataka kutoka nje, na unajua alimwambia nini mume wangu? "Natoka kidogo." Niliona giza.

Nikarudi nyumbani nikanyamaza, maana nilitaka ushahidi, na ushahidi ukaletwa mpaka mlangoni. Mume wangu alikuwa amechana koti lake la kazi, yule mwanamke akalishona, akalikunja, akalitia kwenye mfuko, na mume wangu akaja nalo nyumbani. Nilipoufungua ule mfuko nikakuta mkunjo ni ule ule wa blanketi, tatu kwa urefu, kati kwa kati, upande ulio wazi umetazama nje. Mimi nimekunja nguo za watu tangu nikiwa msichana, na mkunjo wa mtu naujua kama mwandiko wake, naweza kukuambia shuka hili limekunjwa na mama na hili na binti yake, na kwa kazi yangu yote sijaona watu wawili wanaokunja sawa sawa mpaka wawe wamekaa nyumba moja. Kwa hiyo nikajua mambo yameisha. Hawa wamewahi kulala kitanda kimoja, na mimi nimeletewa mabaki.

Watoto walipotoka kwenda kucheza nikalitupa lile koti mezani nikamuuliza, "Uliishi naye wapi?"

Akanijibu, "Sikuishi naye. Tulifungwa pamoja."

Basi ndipo akaniambia, na mimi nakuambia wewe kama alivyoniambia. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Yeye na wenzake watatu walichukua baiskeli ya jirani iliyokuwa imeegeshwa ukutani, wakaizungusha mpaka mtoni, mnyororo ukakatika, wakaogopa, wakaitupa mtaroni. Mwenye baiskeli akaenda polisi. Wale watatu baba zao walifika kituoni jioni ile ile, wakaomba radhi, wakawachukua watoto wao wakaenda kuwachapa nyumbani. Yeye alikuwa analelewa na bibi, na bibi alikuwa amelazwa, mpaka anapata nafuu mtoto ameshapita mahakamani yuko shule ya maadilisho, ile ambayo watu wanaiita jela ya watoto, na akakaa huko mpaka sauti ikakomaa. Useremala alijifunza huko. Ule mkunjo ni wa huko, ilibidi kila kitu kikunjwe upande wazi ukiwa nje ili mlinzi akipita aone hakuna kilichofichwa ndani. Na huko kila anayetoka chumbani lazima aseme. Yule mwanamke alikuwa upande wa wasichana, alikuwa mtumishi wa ndani, mama mwenye nyumba akapotelewa na mkufu na yeye akapelekwa, mkufu ukaja kuonekana nyuma ya kabati na hakuna aliyejisumbua kwenda kumtoa. Alikuwa anagawa chakula kwenye dirisha la jikoni, na mume wangu anasema wiki za mwanzo alikuwa analia hawezi kula, na yule msichana akawa anamsubiri mpaka amalize kulia ndipo anampa sahani.

Na aliporudi mtaani kwao, ikipotea hata kuku, wanaanza kubisha kwa bibi. Shuleni mwalimu anakagua begi lake kwanza, kisha ya wengine. Akaacha shule, akahama, akaja huku ambako hakuna anayemjua. Alipomaliza kusimulia akaniuliza, "Bado nilale humu ndani?" Nikamwambia asiniletee maigizo.

Utadhani baada ya hapo wivu uliisha. Shangazi, ulizidi. Angekuwa hawara yake ningepigana naye, ningemshinda, lakini nitapigana vipi na mtu aliyemwona mume wangu akilia? Mimi sijawahi kumwona akilia hata siku moja. Miaka tisa nimelala na mtu ambaye nusu yake ameiacha kwenye dirisha la jikoni la mwanamke mwingine. Mwaka juzi tulikwenda harusi ya mtoto wa jirani yao wa zamani, na karani mmoja wa benki, mnene, mcheshi, akasimama akasimulia jinsi walivyoiba baiskeli utotoni na kipigo alichokula kwa baba yake, ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka mpaka machozi, mume wangu akaniaga akatoka nje nikadhani tumbo. Sasa najua karani yule alikuwa mmoja wa wale watatu. Na usiku silali nikiwaza kwamba huyo fundi wa makochi angekuwepo asingecheka.

Sasa neno lenyewe ni hili. Mjomba miguu inamsumbua, na Jumapili hiyo anakuja kumkabidhi mume wangu funguo za karakana awe msimamizi. Mjomba huyo huyo, patasi ilipopotea siku moja, aliwapanga mafundi wote mstari akawaambia kwamba mtu aliyewahi kuonja kituo cha polisi hakanyagi kwake. Mimi nawaza nimnong'oneze habari za yule mwanamke peke yake, kwamba alifungwa kwa wizi, basi, mume wangu nisimtaje. Ataondolewa kimya kimya, mume wangu atabaki na funguo zake, na mimi nitabaki na mume wangu. Je, nitakuwa nimekosea? Na kama nimekosea, huu moto niuzime na nini?

Ni mimi, dobi ninayechemka kuliko pasi yake.

*

Dobi wangu,

Zima kwanza hiyo pasi, tusije tukamlipa mtu shati. Mambo mawili matatu katika barua yako nimeyageuza, ili mjomba wako akisoma gazeti asijikute humu, kwa hiyo usinilaumu ukiona chumba chako kimehama.

Pole. Naanza na pole kwa sababu wivu unauma kweli, na mtu akiuchukulia kama mchezo ujue haujawahi kumkaba. Kuona mumeo anampa mtu mwingine maji kwa jina usilolijua, hata mimi ningebwaga sufuria. Hiyo ndiyo pole yako, ishike vizuri, maana baada ya hapa sina nyingine.

Mwanamke mzima unavaa gauni la kutokea kwenda kupambana na fundi aliyejaa vumbi la sponji, unajipulizia manukato kwenye karakana, halafu unashangaa mjomba anakutazama. Hilo nalisamehe, limenichekesha. Lakini mpango wako wa Jumapili haunichekeshi hata kidogo. Unataka kumwambia mjomba nusu ya habari. Umefikiria atakuuliza nini? Atakuuliza swali moja tu, "Umejuaje?" Na hapo utasema nini, umeota? Ukisema umeambiwa na mumeo, atauliza mumeo alijuaje. Ukisema umeambiwa na yule dada, atamwita yule dada. Na yule dada akibanwa na tajiri, mbele ya mafundi wote, kwa kosa ambalo hakulifanya akiwa mtoto na sasa anaadhibiwa kwalo mara ya pili, unamtegemea afiche jina la mumeo ili wewe ulale vizuri? Pengine ataficha. Lakini mumeo ninavyomwona mimi katika barua yako hatanyamaza. Atasimama aseme na yeye alikuwemo. Utakuwa umemfukuzisha kazi mumeo kwa mdomo wako mwenyewe, tena siku ile ile ya kupewa funguo.

Na hata kama hesabu zako zingetimia, dada aondoke, mume abaki, funguo zibaki, kosa lingekuwa lile lile. Yule mama wa mkufu alimpoteza msichana kwa kushuku tu. Wewe utakuwa wa pili, na wewe huna hata mkufu uliopotea.

Sasa tuzungumze kuhusu mumeo, maana barua nzima umejaza yule mwanamke, na mume wako umempitisha mlango wa nyuma. Watoto wanne wamechukua baiskeli moja, siku moja. Watatu walikuwa na baba wa kuwafuata kituoni. Mmoja leo ni karani na kosa lile amelifanya kichekesho cha harusini, anapigiwa makofi. Mumeo kosa hilo hilo analibeba mpaka akienda msalani. Tofauti yao haikuwa tabia, ilikuwa nani alifika jioni ile. Mtoto akishapitishwa mlango ule, watu wazima wanamaliza kesi wanarudi makwao kula, yeye anabaki kujieleza maisha yake yote, kwa mwalimu, kwa majirani, kwa kila kuku anayepotea. Ile adabu mama yako anayoisifia, ya kutokaa mpaka aambiwe, ya kutogusa kitu cha mtu, mwenzangu, ile ni hofu. Mmekuwa mkiishangilia miaka tisa.

Kuna mstari umeuandika ukaupita mbio kama mtu anayeruka dimbwi. Baada ya kukueleza yote mumeo alikuuliza kama bado alale humo ndani. Ulimjibu nini? Asikuletee maigizo. Niliposoma hapo niliweka barua mezani nikatoka nje kidogo. Mtu mwenye miaka zaidi ya thelathini, mwenye watoto wawili, mwenye kitambi chake, alikuwa anakuuliza kama anafukuzwa. Alikuuliza kwa dhati, kwa sababu hiyo ndiyo desturi aliyoizoea, watu wakijua wanamwondoa. Na mpaka leo hii ninapoandika hujamjibu.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo, si kesho, watoto wakishalala au wakiwa wanacheza, kaa karibu na mumeo umjibu swali lake. Usitafute maneno makubwa. Mwambie hapa ni kwako, nilikosa kukujibu siku ile. Kisha nyamaza, na akilia mwache alie, usimkatize kwa kumfuta machozi. Ulisema hujawahi kumwona akilia. Na nani alie mbele ya mtu anayemwita mwigizaji?

Kwa mjomba, hutasema kitu. Wala kwa mama yako, wala kwa wake za kaka zako, wala kwa yule rafiki yako ambaye najua unaye na najua anakuja kukaa hapo kwenye meza ya pasi. Siri ya mumeo ni ya mumeo, akitaka kumwambia mjomba kabla ya kupokea funguo atasema mwenyewe, akitaka kunyamaza atanyamaza, na uamuzi wowote atakaouchukua wewe utakuwa umekaa upande wake wa meza. Siri ya yule dada ni ya yule dada. Ukikutana naye mwamkie. Amekuita wifi, na kwa ninavyoona ana haki ya neno hilo kuliko baadhi ya mawifi ninaoandikiwa habari zao humu. Sikulazimishi umpende. Mkaribishe siku moja ale kwenu, mpe sahani yake, na usimwangalie mikono anapokula.

Wivu sikukatazi. Ni wako, uone wivu kadiri unavyotaka, lakini uone ukiwa umefunga mdomo. Na siku ukimkuta mumeo kwenye uovu wa kweli niandikie, nitakuwa wa kwanza kukusaidia kufunga mizigo. Hapa sijauona. Nimeona watoto wawili waliogawana upweke, na mwanamke mzima anayetaka kuugombania.

Lakini nikuambie kinachokuuma hasa, halafu nikuache uende ukamalizie mashati ya watu. Unadhani yule dada amepewa kitu ulichonyimwa wewe. Hakupewa. Mumeo hakumchagua ajue, hakumwamini, hakumsimulia. Alikuwa nyuma ya dirisha la jikoni kwa sababu na yeye alifungiwa, akaona aliyoyaona, angetaka asingetaka. Tangu atoke huko mumeo amepita kwa majirani wapya, kwa mama yako, kwa mafundi wenzake, kwa mjomba wako, hakumwambia hata mmoja. Mpaka siku ile mezani, ulipomuuliza kwa hasira, akijua unaweza kumtoa nje, akasema.

Yule dada hakuambiwa, dobi wangu. Aliyeambiwa ni wewe.